Magongo ya ukumbini: mbao, mpira na kona

SWALI: Tumetazama mashindano ya bara ya wanaume ya magongo ya ukumbini, nasi hapa Malindi tuna ukumbi wenye sakafu ya saruji. Tuanzie wapi, na kwa nini mpira wetu unaruka ovyo? – Msomaji, Malindi

JIBU: Pimeni kwanza. Uwanja huwa na urefu wa mita 36 hadi 44 na upana wa mita 18 hadi 22. Goli ni mita 3 kwa 2. Kila upande una wachezaji 6, kipa akiwemo.

Mpira kuruka, shukuni mbao za pembeni, zile zinazolazwa kando ya uwanja ili mpira usitoke. Mwambieni fundi awape za inchi nne kwa nne, maana kimo kinachotakiwa ni milimita 100. Uwanja wa mita 40 utakula mita 80 za mbao, kwani huwekwa pembeni tu, si nyuma ya magoli. Zikiacha mwanya kwenye maungio, au zikisogea zikigongwa, mpira hudunda vibaya. Mchanga nao ni adui: fagieni kabla ya kila mchezo, kisha pitisheni kitambaa kikavu. Umande wa chumvi huifanya sakafu iteleze.

Waliozoea nyasi hukosea hapa: ukumbini mpira husukumwa, haupigwi, wala hauinuliwi isipokuwa kwa kulenga goli ukiwa ndani ya duara, yaani eneo la mita 9 kutoka golini. Kwenye kona ya adhabu (mpira wa adhabu unaoanzia kwenye mstari wa goli), msukumaji husimama mita 6 kutoka nguzo ya goli iliyo karibu, na mpira lazima utoke nje ya duara kwanza. Wengi hufyatua mapema, na bao hukataliwa.