Mizinga Mitupu Baada ya Masika: Nyuki Wamekufa au Wamehama?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Mimi ni mkulima wa minazi na mikorosho wilayani Pangani, mkoani Tanga, na huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kufuga nyuki. Nina mizinga 12 ya viunzi, na nilipomaliza kurina asali mwezi Februari, tisa kati yake ilikuwa na nyuki. Masika yalikuwa makali mwaka huu, kwa hiyo sikufika kwenye manzuki hadi mwishoni mwa Juni. Siku hiyo nilikuta mizinga sita haina nyuki hata mmoja, hai wala mfu; masega yamefungwa utando mweupe na funza wanatambaa ndani yake. Kijana wangu anayeishi Ujerumani ameniambia kwamba huko nyuki hufa kwa wingi majira ya baridi kwa sababu ya utitiri, akanishauri niifunike mizinga kwa magunia na nitafute dawa. Je, nyuki wangu wameuawa na baridi ya kipupwe, na utitiri, au na hao funza? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa hasara hiyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini nyuki wako hawakufa; walihama, na yaelekea walihama kwa njaa.

Kijana wako hakukosea katika kueleza mambo ya huko aliko. Katika nchi za baridi kali, nyuki hukaa miezi kadhaa bila kuona ua hata moja. Hawalali usingizi muda wote huo kama wengi wanavyodhani: hujikusanya pamoja mfano wa mpira, wakaitetemesha misuli ya mabawa ili kuzalisha joto, huku wakila asali waliyoiweka, ambayo kwa kundi moja huweza kufika kilo 20 au zaidi. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi wiki tano au sita tu, lakini yule wa majira ya baridi hutakiwa aishi hata miezi sita ili alifikishe kundi kwenye maua mapya. Utitiri uitwao varoa hushambulia majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya vitundu vya masega, na kueneza virusi, hivyo nyuki hao wakizaliwa dhaifu hufa kabla ya wakati, kundi likapungua, na lililobaki likashindwa kujipasha joto. Mfugaji wa huko anapofungua mzinga uliokufa hukuta mizoga sakafuni, na mara nyingine nyuki waliokufa vichwa vikiwa ndani ya vitundu vya masega, wakitafuta tone la mwisho la asali.

Wewe hukukuta mizoga, na hapo ndipo tofauti ilipo. Tanga haina baridi ya kuua nyuki. Usiku wa Julai ukanda wa pwani joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Isitoshe, nyuki wa pwani yetu, ambao mtaalamu F. G. Smith aliwaeleza mwaka 1961 kwa jina la kisayansi Apis mellifera litorea, wana tabia ambayo wenzao wa Ulaya wanayo kwa nadra mno: mahali pakiwakosesha chakula au utulivu, kundi zima huondoka pamoja na malkia wake. Ni ulinzi waliojaliwa, ingawa kwetu wafugaji ni maumivu.

Kuhama kwenyewe kuko kwa namna mbili, na masega yaliyoachwa ndiyo yanayotoa ushahidi. Nyuki waliofukuzwa na siafu, na nyegere, na moto au na mfugaji aliyefungua mzinga kwa pupa, huondoka ghafla na kuacha nyuma majana, pengine na asali pia. Nyuki wanaohama kwa njaa hujiandaa. Malkia hupunguza kutaga hadi akaacha kabisa, na kwa kuwa nyuki kibarua huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka kwenye kitundu chake, kundi husubiri wiki kama tatu hivi hadi majana ya mwisho yakomae, likamaliza akiba iliyobaki, ndipo likaondoka. Niliwahi kufungua mzinga wa namna hiyo Muheza, pembeni mwa shamba la michungwa. Nilipoinua kiunzi cha tatu, sega lilikuwa jepesi mkononi kama karatasi, kila kitundu kimelambwa kikawa safi, wala hapakuwa na harufu yoyote ya kuoza. Nondo wa nta walikuwa bado hawajafika. Kwako walikwisha kufika, na hao funza ni watoto wao. Huingia kwa nguvu pale ambapo kundi limedhoofika au limeondoka, kwa sababu kundi lenye watu wa kutosha huwatoa nje lenyewe. Kwa hiyo usiwabebeshe funza kosa ambalo si lao.

Naomba unisikilize kwa makini hapa, kwa sababu ndipo nionapo wafugaji wetu wakipoteza zaidi. Ulirina Februari, na masika yakaingia Machi. Mvua kubwa huwazuia nyuki kuruka, huangusha maua na kuuzimua mbochi, yaani maji matamu ya maua, nao nyuki hulazimika kuishi kwa akiba. Ikiwa mfugaji ameondoa kila sega lenye asali, akiba hiyo haipo. Ninapomuuliza mfugaji ameacha masega mangapi, mara nyingi sana jibu huwa ni kwamba ameacha yale yenye majana tu, na hayo hayamlishi mtu. Mavuno ya kabla ya masika yawe madogo: acha walau masega manne yaliyojaa asali na kufunikwa, yakiwa karibu na majana, hata kama mnunuzi anakusubiri barabarani na ndoo yake.

Jambo la pili ni kuutembelea mzinga bila kuufungua. Asubuhi isiyo na mvua, simama kando ya mlango kwa dakika kumi. Nyuki wakiingia na vidonge vya chavua miguuni, vya njano au vyeupe, ndani mna majana na kundi limetulia. Ukiona siku kadhaa za jua wanaingia miguu mitupu, jua kwamba malkia ameacha kutaga na una siku chache za kuokoa kundi hilo. Hakikisha pia bati la juu halivuji, na nyaya za kutundikia zimepakwa grisi ili siafu wasipite.

Kuhusu magunia, yatahifadhi unyevu na kuwapa nondo maficho, hivyo usiyatumie. Kuhusu dawa, varoa imekwisha kuonekana Afrika Mashariki, lakini makundi yetu kwa kawaida huendelea kuishi nayo bila dawa yoyote. Dawa hizo zinaweza kuacha mabaki katika nta na asali, na sioni sababu ya kuuharibu usafi wa asali ya Pangani kwa ugonjwa usiokuwapo.

SWALI: Je, kwa mizinga mitatu iliyobaki naweza kuwapa sukari? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Unaweza, ikiwa hawana akiba. Tumia sukari nyeupe na maji safi kwa uzito sawa, uweke ndani ya mzinga jioni ili makundi mengine yasije kupora, na uache mara maua yanapoanza, kwa sababu sukari ikiingia katika masega utakayorina huwezi tena kuiita asali. Sukari guru usiitumie, huwaumiza matumbo.

SWALI: Nayo ile mizinga sita niifanyeje?

JIBU: Toa masega yote leo hii, usisubiri mwezi uishe. Yaliyoharibika sana yachome. Yenye nta nzuri yayeyushe katika sufuria yenye maji, wala usiweke nta peke yake juu ya moto. Kwangua kuta za mzinga hadi utando wote utoke, uanike juani, kisha paka nta mpya ndani na chini ya kila kiunzi. Miembe na mikorosho yako huanza kuchanua kuanzia Julai, na makundi yanayotafuta makazi hufuata maua hayo. Mizinga iwe imekwisha kutundikwa, kivulini, milango ikiwa imeupa mgongo upepo wa kusi.