Chotara si GMO

Dada, umeuliza kama mbegu ya mahindi uliyonunua Buhongwa ni GMO, yaani zao lililobadilishwa jeni maabara, kwa sababu mfuko umeandikwa "chotara". Hapana. Chotara ni mahindi yaliyochavushwa na mahindi mengine, hakuna jeni iliyopandikizwa maabara.

Ulivyouliza wanapimaje usalama wa chakula cha GMO: mwongozo wa 2003 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, haudai chakula kisicho na hatari yoyote, maana hata udaga wetu wa mihogo ungefeli. Bibi yangu kule Misungwi humenya mihogo michungu, huilundika na kuifunika siku kadhaa mpaka iote ukungu, kisha huukwangua na kuianika. Akiharakisha, sianidi, sumu ya asili ya mihogo hiyo, inabaki. Kwa hiyo zao jipya la GMO linalinganishwa na lile la kawaida tulilozoea kula: virutubisho, sumu za asili, na zaidi sana ile protini iliyoletwa na jeni iliyopandikizwa. Je, inafanana na protini zinazojulikana kuleta mzio? Inavunjwa upesi na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, au inakaa tu?

Kuna soya moja iliyowekewa jeni ya kokwa za Brazili. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba damu ya watu wenye mzio wa kokwa hizo iliitikia soya ile pia. Haikufika sokoni. Hapo mimi ndipo nilipoanza kuviamini vipimo hivi, ingawa takwimu nyingi huletwa na kampuni ileile inayotaka kuuza mbegu, na kwa hilo ukikunja uso sikulaumu.