Mabati Yakishasimama, Mmechelewa

Nyumba ya kwanza kutuponyoka ilibomolewa siku za Idd, mwaka 2014. Alhamisi jioni walikuja watu wakaizungushia mabati. Tulipita pale tukadhani ni ukarabati, na kuna aliyesema alhamdulillahi, maana paa lile lilivuja miaka na miaka. Tukaenda zetu kuzuru jamaa. Jumapili tuliporudi ukuta wa mbele haukuwapo, na mlango wa nakshi, ule wenye mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu nzima, ulikuwa umelazwa juu ya mkokoteni umefunikwa gunia. Nilisimama nikauangalia unaondoka. Sikuwa na neno la kusema wala karatasi ya kumwonyesha mtu. Pale sasa pana ghorofa la orofa sita, na nyumba tatu za nyuma yake hazipati tena upepo wa bahari.

Sisi ni wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa, nyuma tu ya Fort Jesus. Baada ya ile Idd tukaunda umoja wa wakazi, na mimi nikapewa ukatibu ambao ninao hadi leo. Watu wa mitaa mingine, wengine wa Malindi na Lamu, huniuliza tumefanyaje hata nyumba kadhaa zikabaki. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa simu. Leo nimeona niandike.

Jambo la kwanza ni kujua mapema. Siku ya mabati si siku ya kuanza. Mabati yakishasimama, aghalabu kibali kimeshatoka, pesa zimeshalipwa, na mwenye mradi ana haraka kuliko nyinyi. Kwa sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, anayetaka kujenga au kubadili matumizi ya kiwanja hutakiwa kuujulisha umma, na watu wapewe nafasi ya kuleta pingamizi. Matangazo haya hutoka gazetini kwa herufi ndogo, na hubandikwa kwenye kiwanja chenyewe. Mara nyingi muda unaotajwa ni siku 14. Siku kumi na nne huisha kabla hamjakubaliana nani aitishe kikao.

Kwa hiyo tuligawana njia. Kila mwanachama ana kichochoro chake cha kupitia baada ya alfajiri au akienda kazini. Anaangalia karatasi ukutani, kokoto zilizomwagwa usiku, vijana wanaopima kwa kamba, au dalali asiyemjua anayehesabu madirisha. Lakini dalili inayotangulia zote ni mpangaji kuambiwa ahame mwisho wa mwezi. Aliyetufundisha hilo ni mama mmoja muuza mahamri na mbaazi kwenye kona yetu. Wapangaji humlalamikia yeye asubuhi wakisubiri chai, na yeye hukumbuka kila kitu. Mwaka 2021 alituambia kwamba familia mbili za nyumba moja yenye roshani ya kijani zimepewa notisi ya kuhama. Tangazo la ujenzi lilitoka wiki saba baadaye. Wiki saba! Tulikuwa tumeshapiga picha, tumeshapima, na tumeshamwona wakili.

Msiwadharau wapangaji. Vyama vingi vya wakazi huanza kwa kuwaita wenye nyumba peke yao, na hilo ni kosa.

Sasa kuhusu barua. Barua yetu ya kwanza kabisa ilikuwa ya kurasa tatu, imejaa uchungu. Ilieleza Mji wa Kale ni turathi ya mababu zetu, na kwamba tunapinga kwa nguvu zote. Haikujibiwa. Sasa huandika ukurasa mmoja, na kila sentensi ina kitu ambacho afisa anaweza kwenda kukipima. Namba ya kiwanja. Urefu wa majengo ya jirani. Bomba la majitaka linapita wapi na linafurika mara ngapi. Kisha tunataja kwamba eneo liko ndani ya mipaka ya uhifadhi iliyowekwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa inapaswa kutoa kauli yake.

Ile nyumba ya roshani ya kijani ilitaka kugeuzwa jengo la orofa saba. Tulipopewa kuona michoro, kijana wetu mmoja, fundi bomba, aliona kichochoro cha mbele kimechorwa upana wa mita sita. Akacheka, akatoka nje na tepu. Palipobana zaidi ni mita mbili na sentimita sitini. Akanyoosha tepu kutoka ukuta hadi ukuta, mwenzake akapiga picha huku namba zinasomeka, na ile picha ikabandikwa kwenye barua. Gari la zimamoto halipiti mita mbili na sitini. Kwenye kikao afisa wa mipango aliitazama ile picha kwa muda, kisha akamgeukia mchoraji na kumuuliza ni lini alifika kwenye kiwanja. Hakupata jibu la maana. Kibali hakikukataliwa, nisiwadanganye, lakini orofa saba zikawa tatu na ukuta wa mbele ukaamriwa ubaki pamoja na roshani yake. Tulitaka zaidi. Tukakubali hilo.

Mkipeleka barua, pelekeni nakala mbili na ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa papo hapo, wenye tarehe. Niliwahi kuambiwa na ofisi moja kwamba barua yangu haijawahi kufika, na kwa kuwa sikuwa na muhuri, jambo likaishia hapo. Mkinyimwa kuona michoro au kibali, iko sheria ya kupata habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Itajeni kwa jina ndani ya barua, mtaona tofauti. Kibali kikitoka na hamkuridhika, rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi ina siku 14 tangu uamuzi. Leseni za mazingira zina njia yake, kwenye jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na huko muda ni siku 60. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kuhusu haki ya mazingira safi bila ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameshaumia. Wakili wetu wa kwanza hakulijua hilo. Tulibadilisha wakili.

Wanaosema wakazi wa kawaida hawawezi kitu, huwakumbusha habari ya Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa na leseni na wenye nguvu nyuma yake. Wavuvi, akina mama na vijana wa Lamu waliungana wakaupeleka mbele ya lile jopo la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisi tuliisoma habari ile kama wanafunzi. Tangu hapo, kila tukiambiwa "wakazi walishauriwa", tunauliza walishauriwa lini, wapi, walionyeshwa nini, na karatasi ya mahudhurio iko wapi. Mara moja tulionyeshwa karatasi yenye majina ishirini na mbili, na kati yao tuliwatambua watu wawili tu.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu ndiyo watu huuliza. Lakini nikiulizwa nini hasa kimeziokoa nyumba zilizobaki, sitataja barua. Nitataja mirathi.

Nyumba nyingi za huku hazina mwenyewe mmoja. Babu alifariki, hati imebaki kwa jina lake, na sasa warithi ni kumi na moja: watatu wako hapa, wengine Muscat, Jeddah, mmoja London, na wawili hawasemezani tangu kifo cha mama yao. Hakuna anayetaka kutia pesa yake kwenye paa la watu kumi na moja. Paa linavuja, boriti zinaoza, kodi ya ardhi inalimbikizwa. Siku moja anakuja dalali na pesa taslimu na ahadi ya kumtafuta kila mrithi mwenyewe. Utamlaumu nani?

Sisi tulilaumu. Kulikuwa na familia iliyosemekana kuuza, na kwenye baraza maneno yakatoka, "wauza mji" na mengine mabaya zaidi. Yakafika. Siku ya tatu bi mkubwa wa nyumba ile akanituma mjukuu wake kuniita. Nilipanda ngazi nikiwa nimejiandaa kwa hotuba. Hakunihutubia. Alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake akanionyesha ndoo ya kukinga maji iliyokuwa juu ya kitanda. Juu yake boriti moja ya mkoko ilikuwa imekatika kichwa pale inapoingia ukutani, ikishikiliwa na kipande cha mbao na kitambaa. Akaniambia, "Mwanangu, mwataka nilale chini ya hii ili wageni wapate kupiga picha?"

Nilimwomba radhi pale pale, na siku ya kikao nikaomba radhi tena mbele za watu, kwa niaba ya wote waliosema. Kisha tukageuza kazi yetu. Mmoja wetu aliyekuwa karani mahakamani alikaa na familia ile, wakafungua kundi la WhatsApp la warithi, wakapeleka mirathi mbele ya Kadhi. Ilichukua mwaka na nusu na machozi mengi. Hati ilipopata wenyewe, warithi walikubaliana ukumbi wa chini ukodishwe kwa mshona kanzu, na kodi yote ya miaka mitatu ya mwanzo iende kwenye paa na boriti. Ile nyumba imesimama. Tangu wakati huo tumepita njia hiyo kwa nyumba nne nyingine, mbili zimefaulu, moja imeuzwa, na moja bado warithi wanavutana.

Kwa hiyo ushauri wangu ulio mzito kuliko wote ni huu: kabla ya kumwandikia barua mtu anayetaka kubomoa, nendeni mkapande ngazi zake. Mwulizeni kinachomshinda. Mara nyingi ni paa, au ni ndugu.

Na mkisaidia kukarabati, jueni mnachokirekebisha. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zinataka kupumua. Fundi wa siku hizi akiona plasta imebanduka huja na saruji, kwa sababu ndiyo anayoijua na inakauka upesi. Mwaka wa kwanza ukuta unapendeza. Kisha unyevu unaopanda kutoka chini, pamoja na chumvi, hukosa pa kutokea. Plasta inafura kama andazi, halafu inaanguka vipande vikubwa na kutoka na ngozi ya jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ndani ya ukuta huo mbichi huoza bila mtu kuona. Tulimtafuta mzee mmoja fundi wa chokaa ambaye alikuwa ameshaacha kazi, tukamwekea vijana wanne. Aliwakataza kugusa mwiko kwa wiki mbili. Kazi yao ikawa kuloweka chokaa shimoni na kuikoroga mpaka ikawa laini kama siagi. Wawili walikimbia. Wawili waliobaki sasa wana kazi mwaka mzima.

Kuhusu umoja wenyewe nitasema machache. Jiandikisheni, maana bila cheti hamfungui akaunti ya benki. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 imelirahisisha hilo, mkiwa watu kumi na katiba yenu. Hesabu za pesa zibandikwe ukutani kila mwezi, hata mwezi usio na pesa. Mwanasiasa awe rafiki, asiwe mwenyekiti. Bahasha ikiletwa kwa mmoja wenu, na italetwa, itangazwe kwenye kikao siku hiyo hiyo kabla haijageuka uvumi. Na angalieni mnakutana wapi. Miaka miwili tulikutana barazani baada ya isha, tukishangaa mbona wanawake hawaji. Tulipohamia darasa la madrasa, Jumamosi alasiri, wakajaa, na wao ndio waliotuletea habari za majitaka, za nyaya za umeme zilizoning'inia, na za nani anauza nini.

Wiki hii kuna karatasi mpya imebandikwa kwenye nyumba ya kona, upande wa kushuka baharini. Siku ya mwisho ya pingamizi ni Jumanne ijayo. Jumamosi saa moja asubuhi tunaenda kupima kichochoro na kupiga picha za nyumba za jirani, na mama wa mahamri ameshasema chai ni juu yake. Tepu tunayo moja tu, na imekatika mwisho. Mwenye nyingine aje nayo.