Siku mbili za kula Mombasa

Ndugu yangu, umeuliza mgeni mwenye siku mbili tu Mombasa aanzie wapi kula. Ningekusihi uanzie Mji wa Kale asubuhi, kwa mahamri na mbaazi za nazi, kabla hata hujaingia Fort Jesus. Hamri zuri utalijua unapolipasua: ndani huwa wazi, na harufu ya iliki hukufikia puani kabla hujalichovya kwenye tui zito la mbaazi. Mchana biriani yatosha. Jioni nenda ufuo wa Mama Ngina, ambako meli za bandari ya Kilindini hupita karibu sana, unywe madafu na ule mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati, ikapakwa pilipili na ndimu. Viazi karai navyo usiviache, mradi viwe vimetoka kwenye mafuta sasa hivi na vina ukwaju wa kuchovyea. Usiku umalizie kwa kahawa tungu yenye tangawizi, inayomiminwa kutoka kwenye dele, yaani birika la kahawa, lililo juu ya makaa, pamoja na kashata. Ukifika mwezi wa Ramadhani, utakuta migahawa mingi ya Mji wa Kale imefungwa mchana, lakini baada ya magharibi vyakula ni tele.