Kabla hujachimba msingi uani, pima mwembe

Msomaji wetu wa Sinza ametuandikia kwa uchungu. Alijenga vyumba vinne vya kupangisha uani, mwembe hakuugusa hata tawi, na sasa mwaka wa pili unakauka kuanzia kileleni. Anauliza kosa ni lipi.

Ni mtaro wa msingi. Mizizi inayoulisha mti mingi imo ndani ya sentimita 60 za juu, nayo hutambaa kupita mwisho wa matawi. Mtaro ukichimbwa mita moja na nusu tu toka shinani, mizizi ya upande mzima imekwisha. Mti hula akiba yake kwanza, ndiyo maana kifo huchelewa na lawama humwangukia mdudu au jua.

Basi pima kabla fundi hajavuta kamba. Zungusha futi kwenye shina, mita 1.4 toka chini, kisha zidisha kwa 4. Mzingo wa mita 1.2 unakupa karibu mita 5 toka shinani: msingi, karo na kifusi visiingie ndani ya hapo. Kwa viwanja vya Sinza mita 5 ni nyingi, tunajua. Panda juu: vyumba viwili chini, viwili ghorofani, kwa mchoro wa mhandisi ulioonyesha shina lilipo. Ukuta wa upande wa mti ubebwe na nguzo, na bimu, yaani boriti ya zege, ipite juu ya ardhi. Mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono. Ukikuta mzizi wa sentimita 5 au zaidi, simama, mwite mhandisi asogeze shimo. Mzizi mwembamba ukate kwa msumeno mkali. Sururu huuchana, na uozo huanzia kwenye mchano huo.

Halafu kivuli. Mafundi hukipenda, kwa hiyo zege huchanganyiwa papo hapo, na maji ya saruji huunguza mizizi. Lori la mchanga nalo hushindilia udongo hadi hewa haipiti. Zungushia mabati kabla tofali la kwanza halijashuka, tafadhali, siyo baada.

Kwa mwembe wa Sinza: kwangua gome la vijiti kadhaa. Penye kijani chini ya gome bado pana uhai. Ondoa kifusi chote shinani, kata matawi makavu tu, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10 bila kugusa shina, na kiangazi mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame.