Mnaoanza vikundi vya wazazi: waambieni kilio kinaweza kupanda kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha vikundi vya malezi huku Dodoma, Chamwino, Bahi, karibuni sana. Mimi kazi hii nimeifanya misimu kadhaa na kuna jambo moja nawaomba mlishike kabla hamjakaa na wazazi.

Mzazi wa mtoto wa miaka mitatu minne anakuja na swali moja, nimchape au nisimchape? Msianzie hapo. Hata yale mafunzo ya wazazi ya mwanasaikolojia Carolyn Webster-Stratton wa Seattle kule Marekani yanaanza na kucheza na mtoto na kumsifia, kumkanya kunakuja mbele ya safari, maana mtoto asipotazamwa akitulia atatafuta kutazamwa kwa fujo.

Sasa kwenye somo la kupuuzia, yani kutomjali mtoto anapolia ili tu apewe kitu, ndo nilipoharibu. Kulikuwa na mama anauza mchicha, mwanae wa miaka minne kila wakipita kwa muuza barafu za ubuyu anajitupa chini, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama anakataa, mtoto anapiga kelele, watu wanaangalia, mama anatoa mia, kimya. Hapo wamefundishana wote wawili, mtoto kajua kelele zinalipa na mama kajua mia inanunua amani. Mwanasaikolojia Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alichunguza sana huu mzunguko kwenye familia.

Nikamwambia mama apuuzie, basi, nikafunga kikao. Wiki iliyofuata hakuja. Nikamfuata kwake, akanitandikia mkeka akasema dada ule ushauri wako umemzidisha, siku hizi analia mpaka anatapika, juzi nimempa mia tano. Niliumia kweli, kwa sababu nilijua na sikumwambia: ukiacha kumpa, kilio kinaweza kupanda kwanza ndo kishuke. Mzazi akikata tamaa katikati mtoto anajifunza kukaza zaidi, yani bora asingeanza.

Kwa hiyo semeni mapema, tena waigize, mmoja awe mtoto alale chini kabisa. Kama siku hiyo mzazi amechoka hawezi kuvumilia, ampe kabla hajalia au apite njia nyingine. Na mtoto akinyamaza tu, hapo hapo amgeukie amsifie, hii wengi wanaisahau.

Najua mmetoka semina za MMMAM (Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto) mmeambiwa malezi yenye mwitikio, yani mtoto akiwa na shida umwitikie, mnaona kupuuzia kunapingana nayo. Hapana. Njaa, homa, woga, anaitikiwa palepale. Akipiga wenzie au akikimbilia barabarani anazuiwa. Kinachopuuziwa ni kile kilio cha kudai tu.

Yule mama alianza upya, siku tatu ngumu, ya nne mtoto akamshika kanga wakapita pale akauliza, kesho je? Ila bibi yake alikuwa bado anampa mia kwa siri, nimekuja kujua baadaye sana, ndo maana sasa sifungi kikao kabla sijamuuliza kila mzazi nani mwingine nyumbani anampa mtoto hela.