Anayenibana Nyuma Barabarani Nimfanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila Ijumaa jioni ninaendesha kutoka Usagara hadi Nyegezi, na mara nyingi hutokea dereva anayenisogelea nyuma hadi namba za gari lake hazionekani kwenye kioo, huku akiniwashia taa kali. Juzi, kabla ya Buhongwa, mmoja alinipita penye mstari usiokatika, na mwenye bodaboda aliyekuwa akija akalazimika kuingia kwenye changarawe. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, hasira yako ni ya haki, kwani aliyeponea changarawe hakuwa na kosa lolote. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata takriban mita 22 kila sekunde. Anayekufuata kwa mita tano hataiwahi breki yake. Usifunge breki kumtisha, wala usiongeze mwendo kumridhisha. Ongeza nafasi mbele yako ili usilazimike kusimama ghafla, kisha, penye upana wa kutosha, washa indiketa ya kushoto, usogee pembeni, apite. Penye kibao cha 50, usivuke 50 hata akipiga honi. Namba za gari aziandike abiria wako, si wewe, mzipeleke kwa trafiki siku hiyo hiyo.